Bawa la kuku: Vigezo vya kutambua lililopikwa na fundi

KATIKA nyumba nyingi za Kenya, mgao wa kuku hujulikana hata kabla sufuria haijaepuliwa mekoni. Firigisi ni ya baba, na miongoni mwa Waluhya mila hiyo imezingatiwa kwa makini kiasi kwamba firigisi ikikosekana mezani huweza kuzua ugomvi. Mapaja ni ya wageni. Bawa, pamoja na shingo na miguu, aghalabu limekuwa fungu la watoto, ambao wana meno na subira ya kuchokora mifupa.

Siku hizi bawa hilohilo limepanda cheo. Mikahawa ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru huliuza kwa sahani, vipande sita au kumi na viwili, likiwa limepakwa sosi ya pilipili, asali au ukwaju. Mteja hulipa bei isiyolingana kabisa na uzani wa nyama iliyomo, na mara nyingi huondoka akiwa ameridhika na pilipili tu. Ni bayana basi kwamba anahitaji kujua anacholipia.

Bawa ni kipimo kizuri cha jiko lolote kwa sababu halimpi mpishi mahali pa kujificha. Kidari kilichokauka huweza kuokolewa kwa mchuzi mzito, na paja lina mafuta ya kutosha kumsamehe mpishi aliyesahau saa. Bawa halisamehe. Lina ngozi nyingi, nyama haba na mifupa iliyokaribiana, na kosa lolote hujitokeza mara tu linapoumwa.

Chimbuko la Buffalo

Sahani ya mabawa kama inavyofahamika mikahawani leo ilipata umaarufu wake katika mji wa Buffalo, jimbo la New York nchini Marekani, karibu na mpaka wa Kanada. Baa iitwayo Anchor Bar, iliyofunguliwa na Frank Bellissimo na mkewe Teressa mnamo 1935, ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa chimbuko. Inasimuliwa kwamba mnamo 1964 Teressa aliyachukua mabawa, ambayo kwa kawaida yaliishia kwenye chungu cha supu, akayakatakata, akayakaanga katika mafuta mengi bila kuyapaka unga, kisha akayachanganya na sosi ya pilipili. Aliyaandaa pamoja na vijiti vya seleri na sosi ya jibini ya buluu, na hadi leo wenyeji wa Buffalo hawakubali yaandaliwe vinginevyo.

Hata hivyo, familia yenyewe haikuafikiana kuhusu kilichotokea. Mwandishi Calvin Trillin, aliyechapisha makala kuhusu historia ya mabawa hayo katika jarida la The New Yorker mnamo 1980, alipewa masimulizi mawili tofauti. Frank alieleza kwamba baa ililetewa mabawa kimakosa badala ya sehemu nyingine za kuku walizohitaji kutengenezea mchuzi wa tambi. Mwanawe, Dominic, alisema ilikuwa Ijumaa usiku, siku ambayo Wakatoliki wengi waliokuwa wateja wao hawakula nyama, na mamaye akaombwa aandae kitu cha kuliwa saa sita ya usiku itakapogonga na mfungo kuisha.

Kuna na mtu wa tatu. John Young, Mmarekani mweusi aliyekuwa na mkahawa wake mwenyewe mjini humo katika miaka hiyohiyo ya 1960, aliuza mabawa mazima yasiyokatwa, yaliyopakwa unga, kukaangwa na kumiminiwa sosi aliyoiita mambo. Aliondoka Buffalo mnamo 1970. Mnamo 1977 mji huo ukatangaza Julai 29 kuwa siku ya mabawa ya kuku, na watalii wakawa wanaelekezwa Anchor Bar. Young, aliyefariki mnamo 1998, alishikilia kwamba yeye ndiye aliyeanza.

Mzozo huo si wa kupuuzwa, na si kwa ajili ya heshima ya marehemu pekee. Umeacha madhehebu mawili ya upishi, na mtu anayehukumu bawa sharti ajue lililo mbele yake ni la dhehebu gani. Bawa la Anchor Bar halina unga: ngozi yenyewe ndiyo inayopaswa kukauka. Bawa la Young lina ganda la unga lililokusudiwa kunywa sosi. Kumlaumu mpishi wa dhehebu moja kwa kutofuata kanuni za lingine ni sawa na kuulaumu mkate wa mofa kwa kutokuwa chapati.

Kuku watatu kwa sahani moja

Bawa zima lina sehemu tatu. Ya juu, iliyounganishwa na kifua, ina mfupa mmoja na inafanana na paja dogo. Ya kati ni bapa na ina mifupa miwili sambamba, nyama ikiwa imebanwa katikati. Ya mwisho ni ncha, ambayo haina nyama ya maana lakini ina gegedu na ngozi za kutosha kuifanya supu iwe nzito. Mikahawa mingi huikata ncha na kuuza sehemu mbili za kwanza.

Kwa hesabu hiyo, kila kuku hutoa vipande vinne tu. Sahani ya vipande 12 imetoka kwa kuku watatu. Hesabu hii ndiyo inayoeleza ni kwa nini kitu kilichokuwa kikitupwa kimekuwa ghali: kuku hawezi kufugwa akaota mabawa manne. Nchini Marekani, Baraza la Kitaifa la Kuku lilikadiria kwamba mabawa bilioni 1.45 yangeliwa wakati wa fainali ya kandanda ya Kimarekani, Super Bowl, mnamo 2024.

Walaji hubishana kuhusu kipande kilicho bora. Cha juu kina nyama zaidi na ni rahisi kukishika. Cha kati kina ngozi nyingi zaidi kulingana na nyama yake, na nyama hiyo, kwa kuwa imelala kati ya mifupa miwili, hubaki na unyevu hata moto ukizidi kidogo. Anayetaka kumpima mpishi na aanze na cha kati. Ukubwa nao una maana. Bawa kubwa kupita kiasi huonekana kama bahati kwa mteja, ila ngozi yake huiva na kuanza kuungua kabla ya joto kufika mfupani. Bawa la wastani hupikika sawasawa.

Ngozi

Hapa ndipo mashindano yote huamuliwa. Ngozi ya kuku ni mchanganyiko wa maji, mafuta na protini iitwayo kolajeni. Ili ivunjike kwa mlio badala ya kuvutika kama mpira, maji sharti yatoke, mafuta yaliyo chini yake yayeyuke na kuvuja, na kolajeni ilainike igeuke jelatini. Mpishi asiye na subira huipa ngozi rangi ya kahawia kwa nje huku mafuta yakiwa bado yameganda kwa ndani. Mlaji huligundua jambo hilo papo hapo: ngozi yote huvuka kwa mkupuo mmoja kama soksi, na ndani yake mna utando mweupe unaoteleza.

Adui mkubwa ni maji. Maji huchemka katika nyuzi 100 za sentigredi, ilhali ngozi haianzi kugeuka kahawia kwa kasi hadi joto lake lipite nyuzi 140 hivi. Maadamu ngozi ina maji juu yake, joto lote huishia kuyageuza mvuke, na bawa huwa linachemshwa tu ijapokuwa limo ndani ya mafuta au juu ya makaa. Kwa sababu hii wapishi stadi huyapangusa mabawa, huyatia chumvi na kuyaacha katika jokofu bila kifuniko usiku kucha ili ngozi ikauke. Wanaotumia oveni badala ya mafuta huongeza poda kidogo ya kuumulia keki, ambayo hupunguza asidi ya ngozi na kuifanya ipate rangi upesi. Mkahawa unaoyatoa mabawa kwenye barafu na kuyatupa karaini saa hiyohiyo hauwezi kuificha siri hiyo. Sahani yenyewe itausema.

Mafuta ya kukaangia yanapaswa kuwa kati ya nyuzi 175 na 190. Kwa joto hilo bawa la kawaida huiva kwa takriban dakika 10 hadi 12. Kosa linalotendeka mara nyingi katika mikahawa yenye shughuli nyingi, hasa Ijumaa jioni, ni kuyarundika mabawa mengi mno kwa mara moja. Mafuta hupoa, povu la mvuke hufurika, na ngozi hunywa mafuta badala ya kukauka. Wako pia wapishi, hususan wa Korea Kusini, wanaokaanga mara mbili: kwanza kwa moto wa wastani ili maji na mafuta ya ngozi yatoke, kisha mabawa yanapumzishwa na kurudishwa katika mafuta makali. Njia hiyo hugharimu muda, lakini ngozi yake hustahimili sosi kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote.

Mafuta yaliyotumiwa kupita kiasi hujitangaza kwa harufu kabla ya bawa kufika mdomoni. Huwa na harufu nzito ya samaki au rangi ya ukutani, nayo huacha utando kwenye kaakaa ambao soda haiuondoi. Bawa la namna hiyo halifai kurekebishwa kwa sosi. Linafaa kurudishwa jikoni.

Sosi na kiburi cha pilipili

Sosi ya Buffalo ni jambo jepesi kulieleza na gumu kulifanya. Msingi wake ni sosi ya pilipili nyekundu iliyotiwa siki, aina ya Frank's RedHot ambayo ilianza kuuzwa mnamo 1920, ikachanganywa na siagi au majarini. Siki hukata mafuta ya ngozi, siagi hutuliza pilipili, na vyote viwili vikikorogwa vizuri kwa moto mdogo huwa uji mwepesi unaoshika. Siagi ikipata joto kupita kiasi hujitenga. Mafuta huelea juu, siki hubaki chini, na mabawa hutoka upande mmoja yakiwa yanateleza na upande mwingine yakiwa makali kama achari.

Namna ya kuipaka nayo ina uzito. Mabawa hutiwa katika bakuli kubwa yakiwa bado yanachirizika, sosi ikafuatia, kisha bakuli likarushwarushwa mara kadhaa hadi kila kipande kipate utando mwembamba. Mpishi anayemimina sosi juu ya sahani iliyokwisha pangwa amelowesha vipande vya juu na kuvizamisha vya chini. Mlaji atazame chini ya sahani baada ya kumaliza: dimbwi la sosi ni ushahidi kwamba ama ilizidi, ama haikushika.

Ukali si ubora, ijapokuwa mikahawa mingi imeugeuza kuwa biashara. Orodha zenye majina ya kutisha na picha za moto huwavutia vijana wanaotaka kuonyeshana ushujaa, na mikahawa inafahamu fika kwamba ulimi uliokufa ganzi hauwezi kutambua kama mafuta yalikuwa ya wiki iliyopita. Sosi tamu ina hila kama hiyo. Asali inayotiririka huziba kasoro nyingi, na baada ya kipande cha tatu mlaji hajui tena kama anakula kuku au kaimati.

Jibini ya buluu inayoandamana na mabawa si pambo. Kiini cha ukali wa pilipili, kapsaisini, hakiyeyuki katika maji, ndiyo sababu gilasi ya maji haimsaidii aliyeungua ulimi. Protini ya maziwa hukinasa na kukiondoa. Mkahawa usio na jibini hiyo unaweza kutumia mtindi au maziwa lala yaliyochujwa, na kazi itafanyika. Seleri ni ya kuburudisha kinywa, na haina makuu mengine.

Makaa na pwani

Nchini Kenya bawa hukutana mara nyingi zaidi na makaa kuliko karai la mafuta. Kanuni haibadiliki, ila hatari zake ni nyingine. Mafuta ya ngozi hudondokea makaa, ndimi za moto huruka, na bawa hupata masizi machungu kabla halijaiva. Mchomaji hodari hutenga jiko lake pande mbili, upande wenye makaa mengi na upande wenye machache, akaliivisha bawa taratibu pale penye moto mdogo na kulimalizia penye ule mkali. Sosi yenye asali au sukari haipakwi ila katika dakika za mwisho, kwani sukari huungua upesi. Ndimu, kitunguu saumu na pilipili hutangulia. Utamu huja nyuma.

Ukwaju, ambao wapishi wa Pwani wamezoea kuutumia kwa mishikaki na viazi karai, huifanya kazi ya siki bila kuiga Buffalo. Asidi yake hukata mafuta na ladha yake ni pana kuliko ya siki ya chupa. Mkahawa wa Mombasa unaouza mabawa ya ukwaju unastahili kupimwa kwa kipimo chake wenyewe.

Hali kadhalika kuku wa kupaka. Huyo huchomwa kwanza, kisha hupakwa au kuogeshwa katika rojo zito la tui la nazi na viungo. Ngozi yake haikukusudiwa kuvunjika kwa mlio, na anayelalamika kwamba imelowa hakuelewa alichoagiza. Kinachotafutwa hapo ni harufu ya makaa kupenya tui, na nyama iliyokubali rojo hadi mfupani.

Kuhusu kuku wa kienyeji, wapenzi wake ni wengi na ladha yake haina mshindani, lakini bawa lake limefanya kazi. Kuku huyo ametembea, amepiga mbawa na kukimbia mwewe, na misuli yake inahitaji kuchemshwa muda mrefu. Kumkaanga kwa dakika kumi ni kumwonea mlaji. Kuku wa gredi, anayechinjwa akiwa na wiki tano au sita hivi, ndiye anayefaa kwa karai.

Ndani ya nyama

Bawa lililoiva vizuri huachana na mfupa bila mvutano, lakini halianguki lenyewe. Wataalamu wa usalama wa chakula nchini Marekani hutaja nyuzi 74 kuwa joto ambalo nyama ya kuku huwa salama. Kwa bawa, usalama huo ni mwanzo tu. Likipikwa zaidi, kufikia nyuzi 80 na kitu au hata zaidi, gegedu na kolajeni zilizozunguka viungo hulainika na nyama hupata ule unyevu unaonata kwenye vidole. Kidari kingekuwa ubao kwa joto hilo.

Walaji wengi hushtuka waonapo wekundu karibu na mfupa. Wekundu peke yake hauthibitishi ubichi, kwa kuwa mifupa ya kuku mchanga ni miepesi na rangi ya uboho huvuja hadi kwenye nyama iliyo jirani, hasa kuku akiwa aligandishwa. Dalili za kuaminika zaidi ni nyama inayong'aa na kuteleza kama mpira, na maji ya waridi yanayotoka inapobanwa. Hayo yakionekana, sahani irudishwe bila haya.

Muda nao hula bawa. Ngozi iliyopakwa sosi huanza kulainika dakika chache tu baada ya kutoka jikoni, na boksi lililofungwa huharakisha uharibifu huo kwa sababu mvuke hauna pa kutokea. Mtu anayeletewa mabawa nyumbani kwa bodaboda na kuyakuta yamelowa asimhukumu mpishi kabla ya kuuliza kama sosi ingeweza kufungwa kando. Mikahawa inayojali hutoboa boksi na kuiweka sosi kwenye kikopo chake bila kuombwa.

Mabawa yasiyo mabawa

Limebaki suala la vile vipande vinavyouzwa kwa jina la mabawa yasiyo na mfupa. Kwa kawaida hivyo si mabawa. Ni kidari kilichokatwa, kikapakwa unga na kukaangwa, kisha kikapewa jina la sehemu ya kuku ambayo hakikutoka. Vinaweza kuwa vitamu. Haviwezi kuhukumiwa pamoja na mabawa, kwa kuwa havina ngozi wala gegedu.

Jina hilo lilifikishwa mahakamani. Katika jimbo la Ohio nchini Marekani, mwanamume mmoja aliagiza vipande vya aina hiyo mkahawani mnamo 2016. Baadaye iligunduliwa kwamba mfupa mwembamba, wenye urefu wa takriban sentimita 3.5, ulikuwa umekwama kooni mwake na kumjeruhi. Alipata maambukizi na kufanyiwa upasuaji mara kadhaa. Akaushtaki mkahawa pamoja na waliousambazia kuku.

Mnamo Julai 2024, Mahakama ya Juu ya Ohio ilitupa madai yake kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Walio wengi walisema kwamba maneno "bila mfupa" yanaeleza mtindo wa upishi na si ahadi kwamba mfupa haumo, na kwamba mla kuku anapaswa kujihadhari na mifupa kwa kuwa kuku ana mifupa. Majaji watatu walipinga, wakishikilia kwamba suala hilo lingeamuliwa na baraza la wazee wa mahakama, kwani mtu wa kawaida anaposoma maneno hayo kwenye menyu huyaelewa jinsi yalivyoandikwa.

Hukumu ya Ohio haimfungi mpishi wa Nairobi. Hata hivyo, mteja anayekutana na maneno hayo kwenye menyu ana swali moja la kumuuliza mhudumu kabla ya kuagiza: nyama hii imetoka sehemu gani ya kuku? Jibu likiwa ni kidari, bei ilinganishwe na ya kidari.